Masale Juu ya Ukuta wa Nduwa

Nianze na la mwisho ili usome ukiwa umetulia: hakuna aliyekufa, hakuna nyumba iliyoondoka, na mtoto mchanga ninayemtaja humu sasa hivi ni mtu mzima mwenye ndevu. Nasema mapema kwa sababu nikiisimulia habari hii watu huanza kushika vifua, na mimi sipendi kumtia mtu presha bure. Mwenyewe mpaka leo nikipita pale napumua kwanza, halafu nacheka.

Kwetu ni mlimani, juu ya Kiboriloni. Unapanda na barabara ya vumbi mpaka uone migomba imebanana hata jua linafika chini kwa vipande. Maji ya shamba yanakuja kwa mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu za babu zetu kutoka mtoni huko karibu na msitu. Lakini maji ya mfongo ni membamba. Ukiyaelekeza shambani moja kwa moja, udongo unayanywa yote kabla hayajafika kwa mtu wa pili. Kwa hiyo wazee walijenga nduwa. Nduwa ni bwawa dogo la udongo, ukuta wake udongo mtupu ulioshindiliwa, hakuna saruji hata ya kuonja. Usiku maji yanaingia yanajikusanya, asubuhi mwenye zamu anakwenda kuvuta kizibo, na maji yanatoka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho. Kizibo chenyewe ni kipande cha mgomba kilichofungwa kwa majani na tope, kinasukumizwa kwenye tundu la chini ya ukuta. Jioni kinarudishwa. Ndiyo hivyo tu, na tumekula miaka yote.

Sasa, kihamba chetu, lile shamba la ukoo, kilikuwa kimeshagawanywa kwa watoto mpaka basi. Mwanangu wa mwisho alipotaka kuoa, palibaki kipande kimoja tu, kile cha chini ya ukuta wa nduwa. Mume wangu akasema pana rutuba. Kweli pana rutuba, ndizi za pale zinazaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Ila ukitoka mlangoni ukiinua macho unaona ukuta, na nyuma ya ukuta ni maji. Hatukuliwaza sana. Ukuta ule tuliukuta, na wazazi wetu nao waliukuta.

Kijana wangu alikuwa fundi wa magari Bomang'ombe, anarudi Jumamosi. Akaoa binti wa Tarakea, kule Rombo, mpakani. Kichagga chao na chetu ni vitu viwili tofauti, yeye akisema hivi mimi nasikia vile, kwa hiyo nyumbani tukawa tunaongea Kiswahili. Huyo ndiye aliyeninyooshea Kiswahili changu, maana shule niliishia darasa la pili. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa na maneno.

Kabla sijafika kwake lazima nikuambie habari ya masale, vinginevyo hutaelewa kwa nini watu wazima na akili zao walishindwa kuvuta kipande cha mgomba.

Miaka ile ndiyo kwanza biashara imefunguliwa. Kiboriloni mitumba inamwagwa chini kama maharage, kila mtu anauza kitu. Kahawa yetu nayo wakaanza kuijia wanunuzi binafsi, leo huyu anataja bei hii, kesho hayupo, na bei ikaporomoka mpaka watu wakaichukia mibuni kama imewatukana. Hatukuing'oa yote, lakini katikati yake tukaanza kupanda nyanya, kabichi na karoti, vitu vya kupeleka sokoni. Sasa mbuni unavumilia. Nyanya haivumilii. Nyanya ikikosa maji siku ya zamu inakununia, ikikosa tena inakufa. Maji ambayo zamani mtu aliweza kumwambia mwenzake chukua tu leo, yakawa ya kuviziana.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa rika moja na mume wangu, wamechunga mbuzi pamoja tangu utoto. Siku moja mume wangu akavuta kizibo siku ya zamu ya yule jirani. Alisema maharage yake yalikuwa yanakauka. Jirani akaja na jembe lake begani, akakuta nduwa tupu na mume wangu amesimama pale. Walishikana mashati, wazee wazima, mpaka vifungo vikaruka majini. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Hata kanisani, mume wangu akikaa kulia yule anakwenda kushoto, na sisi wake zao ikifika wakati wa kutakiana amani tunatakiana kwa macho, kwa mbali.

Wazee wa mfongo wakachoka nao. Wakaita kikao, mbuzi akachinjwa, mbege ya ndizi ikanywewa, na kila mmoja akapanda isale juu ya ukuta wa nduwa. Isale ni mmea wetu wa amani. Ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea mambo yamekwisha, na kulikataa hawezi. Na isale lililopandwa kwa ajili ya mapatano huling'oi. Kuling'oa ni kusema ugomvi umerudi.

Lilikuwa jambo zuri sana. Tatizo lake ni kwamba lilipendwa. Wengine wenye ugomvi wao mdogo mdogo nao wakaja kupanda pale pale, na wasiokuwa na ugomvi wakapanda wasije wakaonekana hawataki amani. Baada ya misimu michache juu ya ukuta ni masale matupu, yamenona, yamesongamana, yanang'aa. Mgeni akija tunampeleka kuyaona. Padre mwenyewe aliyasifu.

Zamani, kabla ya masika, wanaume walikuwa wanapanda ukutani na mapanga na majembe. Wanafyeka majani yote, wanatembea juu yake wakiupiga kwa visigino, wakikuta shimo wanaziba, wakikuta ufa wanashindilia. Sasa nani atapiga kisigino juu ya masale ya watu? Nani atapitisha panga pale? Wakawa wanatoa tope la ndani ya nduwa, wanasafisha njia ya maji ya ziada pembeni, wanakwenda kunywa mbege. Ukuta wakauacha na amani yake.

Ndipo mkwe wangu akajifungua. Kwetu mzazi halimi, hachoti maji, hatoki nje kwa miezi mitatu. Kazi yake ni kula na kunyonyesha, na kazi ya mama mkwe ni kumlisha. Nikahamia kule chini kwake. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana supu, jioni mtori, katikati maziwa na siagi. Alikuja kwetu mwembamba kama fito, nikasema huyu hawezi kurudi kusalimia kwao hivi, Tarakea watasema tunamla sisi. Akanenepa, akang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa ananilalamikia kwa adabu kwamba amechoka kuangalia kuta za chumba. Mimi namwambia angalia mtoto.

Na katika majuma hayo hayo nikapata furaha kubwa. Chini ya ukuta wa nduwa, karibu kabisa na mlango wa jiko la mkwe wangu, pakatokea chemchemi. Kwanza unyevu tu, halafu maji madogo, safi, yanachuruzika. Nilikuwa na haja gani tena ya kupanda na ndoo kichwani? Nikachimba kishimo, nikatandika mawe, nikawa nachota kwa kikombe. Wanawake majirani wakaja kuona, wakasema mtoto huyu ana baraka, amezaliwa na maji yake mlangoni. Mume wangu naye akaja, akanawa uso, akayaonja, akasema ni matamu.

Masika yakaanza. Mvua ikapiga usiku na mchana, nduwa ikajaa mpaka juu. Asubuhi moja nikampelekea mkwe wangu mtori wake kitandani. Akaonja, akabaki na kijiko mdomoni.

"Mama," akaniambia, "leo umenipikia ndizi na shamba lake."

Nikaonja na mimi. Mchanga mtupu. Nikatoka nje na bakuli mkononi nikaenda kwenye chemchemi yangu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Na hayakuwa yanachuruzika tena, yalikuwa yanasukuma, yanapanda na kushuka kama kitu kinachopumua.

Mtu yeyote aliyekua na mfongo anajua maana yake. Maji yakipenya chini ya ukuta yakitoka safi, yanapita tu. Yakitoka na tope, yanabeba kitu kutoka mle yanamopita, na mle hapakuwa na kitu kingine cha kubeba isipokuwa ukuta wenyewe. Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo nadhani hata Kiboriloni waliisikia.

Akaja mbio. Nikamwambia amtoe mkwe na mtoto awapeleke nyumbani kwetu juu. Sasa hapo pakawa na jambo la kuchekesha, ingawa siku ile hatukucheka. Baba mkwe haingii chumba cha mzazi, hata kumtazama usoni ni shida. Mume wangu akasimama mlangoni amegeuza mgongo, anaongea na migomba, anasema, "Mwanangu, naomba utoke." Kutoka ndani yule binti akauliza kama mama anajua. Mume wangu akasema mama ndiye amesema. Kabla hajamaliza sentensi binti alikuwa ameshatoka, mtoto kwapani, blanketi kichwani, anatembea haraka kuliko sisi wote. Alipopita karibu yangu akatazama ule ukuta, akatazama maji ya tope, akaelewa.

"Kwetu Tarakea maji hatuna," akasema, "lakini hatulali tukisikiliza kama yanakuja. Mimi mle ndani na mtoto huyu sirudi, mama. Unisamehe."

Aliniambia bila hasira, na ndiyo maana ilinichoma. Nikajua anamaanisha. Na kipande kingine cha kujenga hatukuwa nacho. Kama si pale, ni kurudi Rombo na mjukuu wangu mgongoni.

Mume wangu aliporudi nikamwambia avute kizibo, maji yapungue, ukuta upumzike. Akaniuliza leo ni zamu ya nani. Nikasema ya jirani.

"Basi," akasema.

"Basi nini, baba? Si unayaona?"

"Nayaona. Lakini mimi nilishavuta kizibo siku ya zamu yake. Leo nikionekana pale tena, unafikiri ataanza kwa kuuliza habari ya tope?"

Alitaka kumtafuta mwenyekiti wa mfongo aje atoe ruhusa. Mwenyekiti alikuwa msibani Marangu. Mume wangu akabaki anazunguka pale chini, anatazama maji, anatazama juu, anashika kiuno. Usimwone mjinga. Alikuwa anaogopa vitu viwili kwa pamoja, na kimoja alishawahi kukionja.

Nikaona kazi hii ni ya jani la isale. Nitachuma jani moja, nilifunge fundo, nimpelekee jirani, nimwombe maji yake kwa heshima. Nikapanda ukutani. Kwetu mwanamke alikuwa hapandi ukuta wa nduwa, ile ni kazi ya wanaume, lakini aliyekuwepo wa kunikataza alikuwa ameshika kiuno. Nikashika isale la kwanza nililolifikia, nikavuta jani.

Likaja isale zima. Halikubisha hata kidogo, lilitoka kama mwiko kwenye uji, na pale lilipokuwa pakabaki shimo jeusi. Nikaingiza mkono nione mwisho wake. Mkono ukaingia wote mpaka kwapani, sijagusa kitu, na huko ndani vidole vyangu vikasikia ubaridi wa maji yanayopita.

Nikatoa mkono, nikatazama nimeshika nini. Lilikuwa lile isale la jirani mwenyewe, la siku ya mapatano.

Kulirudisha kusingewezekana. Mizizi yote ilikuwa imekatwakatwa. Nikasema, twende nalo hivi hivi. Nikashuka, nikapita kwenye migomba ya watu, mvua inaninyeshea, isale begani kama jembe, tope linanichuruzikia mgongoni.

Jirani alikuwa shambani kwake anainua nyanya zilizolazwa na mvua, anazifunga kwenye vijiti. Akainuka aliposikia hatua. Hakunitazama mimi, alilitazama isale. Uso wake ukabadilika ukawa ule wa siku ya vifungo.

"Shikamoo shemeji," nikasema.

Hakuitikia. Akasema polepole, "Mmeling'oa."

"Limeng'oka lenyewe."

"Isale haling'oki lenyewe. Mume wako siku hizi vita anamtuma mke?"

"Hajanituma mtu, hajui hata niko wapi. Nilivuta jani moja nije kukuomba, likaja lote. Nimelileta uone mizizi."

Akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. Akapangusa tope kwa kidole gumba. Ile mizizi ilikuwa na alama za meno, mahali pengine imetafunwa mpaka imekuwa kama brashi kuukuu.

"Fuko," akasema.

Fuko ni yule mnyama wa chini ya ardhi, macho hana la maana, ila meno anayo. Yeye maisha yake ni kuchimba na kutafuna mizizi, na sisi tulikuwa tumempandia shamba zima juu ya ukuta, halafu tukakatazana kumsumbua. Jirani akaniuliza maji ya chini yana rangi gani. Nikamwambia chai ya maziwa. Akaliweka lile isale chini taratibu, akalilaza kama mtoto, halafu akakimbia. Hakupita njiani, alikata katikati ya nyanya zake mwenyewe, anazikanyaga, vijiti vinavunjika, na mimi nyuma yake.

Tulipofika, mume wangu alikuwa amesimama kando ya kizibo, mikono nyuma, kama mtu anayelindwa. Hawa wawili, tangu mapatano, walikuwa wanasalimiana na wanatakiana amani kanisani, lakini kwenye kizibo pamoja hawakuwahi kufika tena. Kila mmoja alikuja siku yake.

"Vuta," jirani akasema.

"Ni zamu yako," mume wangu akajibu. "Vuta wewe."

"Mimi nakuambia vuta."

"Na mimi nakuambia ni maji yako. Kesho utasema nani kavuta?"

Wakasimama hivyo, maji ya tope yanatoka chini yao, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kizibo kama wanakaribishana chakula. Nimeona mengi, lakini wanaume kugombana kwa adabu kiasi kile sijaona tena. Sikuweza kuvumilia. Nikawaambia nitaingia mimi nivute, na kijiji kizima kitasikia kwamba nduwa imefunguliwa na mwanamke mbele ya wanaume wawili waliokuwa wanapigiana hodi.

Wakaingia wote wawili. Wakashika kile kipande cha mgomba, mmoja huku, mmoja huku, wakavuta. Kilikuwa kimevimba kwa maji. Wakavuta tena, kikatoka ghafla, wakaanguka chali kwenye tope mmoja juu ya mwenzake, na maji yakatoka kwa kishindo. Jirani, amelala vile vile, akasema kwamba leo hata nyanya zitajifunza kuogelea. Mume wangu akacheka. Nilisikia ile sauti nikakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka na yule mtu tangu maharage yale.

Maji yote yalikuwa yanakwenda shambani kwa jirani, maana zamu ilikuwa yake. Mke wake akaja mbio anauliza kama tumepagawa. Mume wake akamwambia akavunje ukingo wa mfereji pale juu ya korongo, maji yamwagike bure. Ukimjua yule mtu na maji yake ya nyanya, utaelewa alichokitoa. Watu wengine wakapanda na mfongo mpaka kule mtoni wakaufunga mdomo wake kwa mawe na majani, yasiingie mapya.

Mpaka mchana nduwa ilikuwa tope tupu. Ndipo tukaliona lile tundu kwa ndani. Lilikuwa limepanuka linatosha kuingiza sufuria ya ugali. Tulikusanyika ukingoni tukawa tunalitazama. Kila mtu alikuwa anapima kwa macho kutoka pale mpaka paa la nyumba ya mwanangu. Nilipokwenda kumwambia mkwe wangu kwamba maji yameisha, nikamkuta amelala usingizi mzito kitandani kwangu, mtoto juu yake. Nikawafunika. Nikapika uji, nikaunywa mwenyewe sufuria nzima nimesimama.

Lakini nduwa tupu siyo chakula. Ilibidi ukuta ufukuliwe na kujengwa upya, na hapo likaja swali la masale. Kikao kilikuwa kirefu. Wengine walisema tuchimbe kwa pembeni tuyazunguke. Wengine walisema tuyaache, tuwatege mafuko tu. Mzee mmoja akasema atakayeling'oa isale lake amuage kwanza aliyemzaa. Mwenyekiti, amerudi kutoka msibani hajalala, alishika kichwa.

Mume wangu na jirani ndio waliomaliza mambo. Hawakusema maneno mengi. Walipanda ukutani mbele ya watu wote, jirani akaling'oa lile la mume wangu, akamkabidhi mkononi. Mume wangu naye akalichukua lile la jirani, ambalo lilikuwa limeletwa kutoka kwenye nyanya na mizizi yake iliyotafunwa, akamkabidhi. Kila mmoja ameng'olewa isale lake na nyumba ya mwenzake, na amelipokea. Sasa nani atasema mwenzake kavunja amani? Wakashuka, wakaenda kuyapanda kwenye mpaka wa vihamba vyao, maana isale huchipua hata kwa kipande, kwenye ardhi tambarare, mbali na maji. Wengine wakatazamana. Halafu wakaanza kutafuta wenzi wao, wewe njoo ung'oe langu, na mimi nitang'oa lako. Palikuwa na watu wawili waliokuwa wamepanda bila kugombana na mtu, hao wakakosa wa kuwang'olea. Ilibidi wang'oleane wenyewe, na tuliwacheka mpaka jioni.

Tulifukua mashimo yote ya mafuko mpaka mwisho. Udongo wa kuziba tuliuchukua kwenye vichuguu, ule unaonata, tukauloweka, tukauweka kidogo kidogo na kuukanyaga. Mwenyekiti akasema miguu ya wanaume haitoshi. Hivyo ndivyo wanawake tulivyopanda ukuta wa nduwa kwa ruhusa, tumefunga khanga kiunoni, tunakanyaga na kuimba, na wanaume wanaleta udongo kwa karai. Tabaka likikauka kidogo linakwanguliwa ndipo linawekwa jingine, yashikane. Juu hapakupandwa mti wala ua wala isale. Tulipanda nyasi fupi za ng'ombe, na kila nyumba ina siku yake ya kuzikata. Ukikata nyasi unatembea ukutani, ukitembea unaona, ukiona fuko amefukua unasema. Siku hizi hakuna anayegombea maji sana, wanagombea nyasi. Kila mtu anasema mwenzake amekata mpaka kwenye siku yake. Waache wagombee. Ugomvi wa nyasi unausafisha ukuta.

Mkwe wangu wakati wote huo alikuwa kwangu juu. Mume wake akija Jumamosi anamsihi, fundi mzima anabembeleza, anamwambia ukuta sasa ni kama jiwe. Yeye anamjibu kwamba hata ule wa kwanza waliusema hivyo hivyo. Kwao walishatuma ujumbe, wakitaka aende apumzike huko. Mimi sikumsihi. Nilimuuliza tu ni nini kitakachomtuliza. Akafikiri. Akasema siku nduwa itakayojaa mpaka juu, mama ushuke wewe, usitume mtu, uguse pale chini kwa mkono wako. Ukiniambia pakavu, nitashuka.

Mwenyekiti akaamuru ijazwe polepole, siku baada ya siku, maji yanapandishwa kidogo, watu wanatazama. Ikafika asubuhi ambayo maji yalikuwa juu kabisa, yanagusa ile njia ya maji ya ziada. Nilitoka mapema, sikumwambia mtu, nikashuka peku nipate kusikia ardhi kwa nyayo. Nikapita kwenye migomba. Nikamkuta jirani ameshafika, amepiga magoti chini ya ukuta, kiganja chake kwenye udongo, kama anapima homa. Nikataka kumsalimia, nikasikia mtu anakohoa upande wa pili. Mume wangu. Naye amepiga magoti, ameweka shavu kabisa ardhini anasikiliza. Huyo aliniaga kwamba anakwenda kumkatia ng'ombe majani.

"Shemeji," jirani akaniambia bila kuinua mkono, "huku kwangu pakavu. Muulize huyo wa kwako."

"Pakavu," mume wangu akasema, shavu bado liko chini.

Nikapiga magoti katikati yao, nikagusa mahali pale pale palipokuwa na kishimo changu cha kuchotea. Nilibonyeza. Nikachimba kwa kucha. Udongo ukanitoka vidoleni kama unga. Nikakaa pale muda, sikutaka kuinuka, ilikuwa raha tu kushika vumbi.

Halafu nikapanda kumwambia. Alikuwa mlangoni, hata hakukaa, ameshamfunga mtoto mgongoni. Aliitazama mikono yangu, akaona vumbi, sikuhitaji kusema. Akaingia ndani akatoka na sufuria zake. Mume wangu akatangulia mbele na godoro kichwani, anatembea bila kugeuka kama inavyompasa baba mkwe, mimi nikamfuata na kikapu cha ndizi, na yeye nyuma yetu anaimba kwa Kichagga cha kwao, wimbo ambao nusu yake sikuuelewa, mpaka tukafika mlangoni kwake.